Nanga na Jani la Chai: Sitiari Dhanifu katika Insha za Wanafunzi wa Sigowet

Utangulizi

Insha ina nafasi ya pekee katika ufundishaji wa Kiswahili katika shule za upili nchini Kenya. Katika mtihani wa KCSE, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, insha imetengewa karatasi yake yenyewe, 102/1. Mtahiniwa hupewa saa 1 na dakika 45 kuandika insha 2, ya kwanza ikiwa ya lazima, na kila insha hutuzwa alama 20. Fasihi humtaka mwanafunzi aeleze mawazo ya mwandishi mwingine, na karatasi ya lugha humtaka achanganue sentensi alizopewa. Katika insha pekee ndimo anamotakiwa kusema lake kwa maneno yake. Hata hivyo, mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha marundo ya insha anajua kwamba maneno hayo mara nyingi si yake. Majogoo huwika, jua huchomoza kwa madaha, msafara hung'oa nanga, mambo huenda mrama, na hatimaye msimulizi huzama katika bahari ya mawazo. Insha 40 huweza kusomeka kama insha moja iliyonakiliwa mara 40.

Makala haya yananuia kuchunguza jinsi wanafunzi wa umri wa miaka 14 hadi 18 wanavyotumia sitiari katika insha zao za Kiswahili, hasa wale wa Sigowet katika Kaunti ya Kericho. Yana madai mawili. Kwanza, insha hizo zina sitiari za aina mbili: zile ambazo mwanafunzi amezikariri na zile ambazo anaziishi. Pili, usahihishaji wetu walimu umekuwa ukiituza aina ya kwanza na kuiadhibu ya pili, na kwa kufanya hivyo tumekuwa tukiwazuia vijana kufikiri kwa Kiswahili huku tukidhani tunawafundisha kukipamba.

Isipokuwa kisa kimoja nitakachokisimulia, sentensi za mfano zilizomo humu nimezitunga mwenyewe kwa kufuata sura ya sentensi ninazozifahamu kutokana na kufundisha katika eneo hili. Sikutaka kuanika daftari la mwanafunzi yeyote. Kwa sababu hiyo makala haya hayatoi takwimu, bali uchanganuzi ambao msomaji anaweza kuupima kwa insha zilizo mezani pake.

Kisa cha Kalamu Nyekundu

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya kutwa huko Sigowet, niliwapa wanafunzi wa Kidato cha 3 insha kuhusu siku ambayo hawataisahau. Msichana mmoja aliandika juu ya kifo cha babake. Katikati ya insha hiyo palikuwa na sentensi hii: "Baba alipofariki, nyumba yetu ilipogolewa." Nilipigia mstari neno la mwisho kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Nyumba haipogolewi. Msamiati!" Nikamwondolea alama.

Alipoandika insha hiyo upya, sentensi ilikuwa imebadilika: "Baba alipofariki, mawimbi ya dunia yalitukumba tukabaki bila nanga." Nilifurahi. Nilitia alama ya vyema na kumsifu mbele ya wenzake. Baada ya kipindi alinifuata akaniuliza, "Mwalimu, nanga ni nini hasa?" Nilimchorea ubaoni chombo, kamba na chuma chenye makulabu kinachoshika chini ya bahari. Alitazama mchoro, akasema, "Asante, mwalimu," akaenda zake.

Swali lile lilinikaa kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemsifu mwanafunzi kwa kutumia neno asilolijua kueleza msiba wake mwenyewe, na nilikuwa nimemwadhibu kwa kutumia neno alilolijua kuliko nilivyolijua mimi. Ilinichukua miaka kadhaa, na usomaji wa nadharia ya sitiari chuoni, kuelewa ni kwa nini sentensi ya kwanza ilikuwa bora. Makala haya kwa kiasi fulani ni masahihisho ya masahihisho yale.

Mkabala wa Kinadharia

Katika ufundishaji wa kawaida, sitiari, ambayo walimu wengine huiita istiara, hufafanuliwa kuwa ni tamathali ya usemi inayolinganisha vitu viwili bila kutumia viunganishi vya ulinganisho kama vile "mithili ya" au "kama". Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaifanya sitiari ionekane kuwa pambo la lugha linaloweza kuvuliwa bila wazo kupungua.

Mwaka 1980, George Lakoff na Mark Johnson walichapisha kitabu kilichobadilisha mtazamo huo. Kwa mujibu wao, sitiari ni suala la fikra kabla ya kuwa suala la maneno. Binadamu huielewa dhana moja kupitia dhana nyingine. Dhana tunayotaka kuielewa, ambayo aghalabu ni ya kidhahania, ndiyo kikoa lengwa. Dhana tunayoazima kutoka kwake, ambayo aghalabu tunaijua kwa mwili na macho, ndiyo kikoa chanzo. Uhusiano kati ya vipengele vya vikoa hivyo viwili huitwa uwianishaji. Kwa desturi, sitiari dhanifu huandikwa kwa herufi kubwa ili kuitofautisha na maneno yanayoidhihirisha.

Kiswahili kina ushahidi tele wa jambo hili. Tunaposema kwamba mtu ametetea hoja, ameshambulia hoja ya mwenzake, au ameshinda mjadala, tunaongozwa na sitiari HOJA NI VITA. Tunaposema kwamba fulani alichemka, aliwaka, au hasira zake zilipoa, tunaongozwa na HASIRA NI JOTO. Hakuna anayedhani kwamba anaandika ushairi anaposema hivyo. Tumo ndani ya sitiari bila kujijua.

Mambo mawili zaidi ya nadharia hii yatatufaa. La kwanza ni kwamba kila sitiari huangaza upande mmoja wa jambo na kuuficha mwingine. HOJA NI VITA huangaza ushindani na kuficha kwamba wanaojadiliana huenda wanatafuta ukweli pamoja. La pili linatokana na kitabu ambacho Lakoff alikiandika pamoja na Mark Turner mwaka 1989. Wanaeleza kwamba washairi kwa kawaida hawabuni sitiari dhanifu mpya kabisa. Huzichukua zile tulizo nazo sote na kuzirefusha, kuzijaza maelezo, kuzitilia shaka, au kuziunganisha. Ikiwa hivyo ndivyo wafanyavyo washairi, hatuna sababu ya kumkataza mwanafunzi wa Kidato cha 3.

Zoltán Kövecses, katika kitabu chake cha mwaka 2005, aliongeza kwamba sitiari nyingine hupatikana katika lugha nyingi kwa kuwa chanzo chake ni mwili wa binadamu, ilhali nyingine hutofautiana kulingana na mazingira na utamaduni. Hoja hii ndiyo inayotufikisha Sigowet.

Sigowet na Lugha Zake

Sigowet iko upande wa magharibi wa Kaunti ya Kericho, katika eneo bunge la Sigowet/Soin. Sehemu ya juu ni ya vilima, baridi na mashamba madogo ya chai. Kadiri mtu anavyoteremka kuelekea Soin na mpaka wa Kaunti ya Kisumu, joto huongezeka na miwa huchukua nafasi ya chai. Kilimo cha chai cha makampuni makubwa kilianza Kericho katika miaka ya 1920. Mkulima mdogo aliingia kwa nguvu zaidi baada ya uhuru, hasa kuanzia mwaka 1964 KTDA ilipoundwa. Leo kijana wa Sigowet anaweza kuwa mjukuu wa mkulima wa chai, na yeye mwenyewe anaweza kuwa amebeba kikapu mgongoni kabla ya kubeba mkoba wa vitabu.

Lugha ya kwanza ya wengi wa vijana hawa ni Kipsigis, lugha ya Kiniloti cha Kusini, ambayo haina unasaba na Kiswahili kilicho cha Kibantu. Shuleni hufundishwa kwa Kiingereza katika masomo mengi. Kiswahili hukijua kama somo, kama lugha ya redio na kanisani, na kama lugha ya kuzungumza na jirani Mluo au Mkisii sokoni. Kutoka Sigowet hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700 kwa barabara. Wengi wao hawajawahi kuiona bahari.

Sitiari za Kukariri: Bahari Isiyoonekana

Kiswahili kilikulia pwani, na sitiari zake nyingi zina chumvi ya bahari. Tunasema elimu ni bahari. Shughuli ikianza tunasema imeng'oa nanga. Jambo likiharibika limekwenda mrama, yaani limeyumba kama chombo kinachopigwa na mawimbi ubavuni. Kiongozi ni nahodha, na nahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama. Mnyonge naye dau lake haliendi joshi. Sitiari dhanifu zinazoongoza semi hizi ni MAISHA NI SAFARI YA BAHARINI na JAMII NI CHOMBO. Kwa mtu aliyelelewa Lamu au Pemba, uwianishaji wake uko wazi: upepo ni hali isiyotawalika, tanga ni uwezo wa mtu kuitumia hali hiyo, mwamba ni hatari iliyofichika, bandari ni usalama.

Mwanafunzi wa Sigowet huzipata semi hizi katika orodha. Huziandika katika daftari lenye kichwa "Mapambo ya Insha", huzikariri kabla ya mtihani, na huzipachika panapoonekana pana nafasi. Kwa kuwa ana usemi bila kikoa chanzo, hana namna ya kujua kama ameutumia vizuri. Ndiyo maana hukutana na sentensi kama hizi:

"Mambo yetu yalienda mrama hadi tukashinda kombe."

"Nyanya alikuwa amezeeka, hivyo aling'oa nanga nyumbani kwa muda mrefu."

Katika sentensi ya kwanza, mwandishi anadhani kwamba kwenda mrama ni kwenda vyema. Katika ya pili, kung'oa nanga kumechukuliwa kuwa ni kutulia, kinyume kabisa cha maana yake. Kwa kawaida mwalimu huyaita haya makosa ya msamiati. Kwa mtazamo wa sitiari dhanifu, kosa ni la ndani zaidi. Kikoa chanzo hakipo akilini mwa mwandishi, kwa hiyo uwianishaji hauwezi kufanyika. Aliyewahi kuona chombo kikiondoka hawezi kukosea juu ya nanga, hata kama sarufi yake ni duni.

Sisemi kwamba sitiari za bahari ziondolewe. Ni urithi wa Kiswahili, na anayejifunza lugha hurithi pia mambo ambayo hakuyashuhudia. Ninachosema ni kwamba urithi hufundishwa kwa kueleza chanzo chake. Mchoro wa nanga niliouchora ubaoni baada ya kipindi ungepaswa kuwa ubaoni kabla ya kipindi.

Sitiari za Kuishi: Shamba la Chai

Turejee sasa kwenye sentensi niliyoifuta. "Baba alipofariki, nyumba yetu ilipogolewa." Je, ni kweli kwamba nyumba haipogolewi katika Kiswahili?

Kiswahili sanifu kimejaa maneno yanayomwona binadamu na mambo yake kama mmea. Kijana anayeinukia katika fani fulani ni chipukizi. Tatizo lina mzizi na chama kina matawi. Chuki hupandwa mbegu, uhuru huzaa matunda, mtoto hunawiri, tumaini hunyauka. Hizi zote ni maneno ya sitiari dhanifu moja, WATU NI MIMEA, na hakuna msahihishaji anayezikataa. Nyumba kwa maana ya familia ina shina na matawi katika usemi wa kila siku. Ikiwa ina matawi, basi inaweza kupogolewa. Mwanafunzi yule hakuvunja kanuni yoyote. Alichukua sitiari iliyomo katika lugha na kuirefusha kwa kipengele ambacho wakazi wa pwani hawakuwa na haja nacho, lakini ambacho mkulima wa chai anakijua kuliko vyote.

Hebu tuangalie kupogoa ni nini katika shamba la chai. Mchai ukiachwa hukua ukawa mti mrefu. Ili uchumike, huwekwa chini kwa kuchumwa na hupogolewa kila baada ya miaka michache. Siku ya kupogoa, kichaka kilichokuwa kijani hubaki vijiti vikavu, na mgeni anayepita hudhani shamba limekufa. Kwa miezi kadhaa hakuna cha kuchuma katika sehemu ile, hivyo hakuna malipo. Lakini mizizi i hai, na baada ya muda machipukizi mapya hutokea, mengi na laini kuliko ya awali.

Uwianishaji wa sentensi ile basi ni huu. Familia ni kichaka cha chai. Kifo ni panga la kupogolea. Umaskini uliofuata kifo ni ile miezi isiyo na mavuno. Macho ya majirani wanaodhani kwamba nyumba imekwisha ni macho ya mgeni anayepita. Watoto ni machipukizi, na mizizi inayobaki ardhini ni kile ambacho kifo hakikukigusa. Neno moja lilikuwa limebeba msiba, ufukara na tumaini kwa pamoja. Sentensi ya mawimbi na nanga, ambayo niliisifu, haikusema lolote kati ya haya isipokuwa kwamba jambo baya lilitokea.

Aidha, sitiari ile ingeweza kuzua swali zuri darasani. Kupogoa hufanywa na mtu mwenye shamba, kwa kusudi, ili mmea ufaidike. Ikiwa nyumba ilipogolewa, ni nani aliyeipogoa, na kwa faida ya nani? Huko ndiko kuitilia shaka sitiari ambako Lakoff na Turner wanakuzungumzia. Mwanafunzi aliyefiwa ana haki ya kuuliza swali hilo, na angeweza kuliuliza kwa Kiswahili kama mwalimu wake hangemfungia mlango.

Shamba la chai hutoa vyanzo vingine pia. Mchumaji hufundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi. Hapo pana sitiari ya uteuzi, kama katika sentensi: "Shangazi hakusema mengi, alichuma mawili na chipukizi, akanyamaza." Jani lililochumwa halina budi kufika kiwandani upesi, kwa maana likisongamana hupata joto na kuharibika. Kwa hiyo: "Siri ile ilikaa kifuani mwangu hadi ikapata joto kama majani yaliyokosa gari." Katika kituo cha kununulia majani pana mzani na karani, na majani mabaya hurudishwa. Kwa hiyo: "Alinitazama kama karani anayetafuta jani la kukataa."

Ipo pia bonasi. Mkulima mdogo hulipwa kiasi kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha hupata malipo ya pili baada ya mwaka wa mauzo kufungwa. Malipo hayo ya pili, ambayo watu wote huyaita bonasi, ndiyo yanayolipa karo na kuezeka nyumba. Kijana anayeandika kwamba "majaribio ya kila muhula ni malipo ya mwezi, lakini KCSE ni bonasi" amefikiri kwa kina kuhusu elimu. Anajua kwamba bonasi hutegemea kilo za mwaka mzima, na anajua pia kwamba hutegemea bei ya mnadani ambayo mkulima haiamui. Sitiari ELIMU NI KILIMO CHA CHAI huangaza jambo ambalo ELIMU NI MWANGA hulificha, nalo ni kwamba mtu anaweza kufanya bidii yake yote na bado akapata kidogo.

Hali kadhalika, mvua ya mawe. Nyanda za Kericho na Nandi zinajulikana kwa wingi wa siku za mvua ya mawe kwa mwaka. Mvua hiyo huweza kulipiga shamba moja na kuliruka la jirani. Mwanafunzi akiandika kwamba "ugonjwa ule ulikuwa mvua ya mawe, ulipiga kwetu, ukaacha kwa jirani," ameeleza dhuluma ya bahati kwa njia ambayo wimbi haliwezi kuieleza, kwa maana wimbi huvikumba vyombo vyote vilivyo karibu.

Chai Nyingine

Kuna neno moja linalowaweka vijana hawa katika hali ya pekee. Katika Kiswahili cha Kenya, "chai" ni jina la hongo. Anayesema kwamba ofisa fulani alitaka chai hasemi juu ya kikombe. Matumizi hayo yanatokana na sitiari dhanifu pana, UFISADI NI KULA. Mla rushwa hula, fedha za umma humezwa, na anayepinga husemekana kwamba amenyimwa sehemu yake. Mkusanyiko wa hadithi fupi uitwao Tumbo Lisiloshiba, uliowahi kuwa kitabu teule cha KCSE, umeitangaza sitiari hiyo katika jina lake.

Ufisadi ni mada inayopendwa sana na watunga mitihani. Mwanafunzi wa Sigowet anapoandika juu yake hukuta kwamba neno linalotaja jasho la mamake ndilo linalotaja wizi wa ofisa. Anaweza kuandika: "Mama huchuma chai tangu alfajiri, ofisa huinywa chai hiyo bila kuinama." Hapo ameunganisha kikoa cha kilimo na kikoa cha kula, na ametoa hukumu ya kimaadili kwa sentensi moja. Mwanafunzi wa mahali pengine anaweza kuifikia sentensi hiyo kwa ufundi. Huyu wa Sigowet anaweza kuifikia kwa kueleza tu yaliyo mbele yake.

Mbio na Mashine

Si haki kudhani kwamba kila kijana wa Sigowet hufikiri kwa majani ya chai. Kericho ndiko alikotoka Wilson Kiprugut, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 huko Tokyo mwaka 1964. Riadha ni kikoa chanzo kingine kilicho hai. MAISHA NI MBIO si sawa na MAISHA NI SAFARI. Wasafiri wote wanaweza kufika, lakini mbio zina mshindi mmoja na walioshindwa wengi. Mwanafunzi anayeandika kwamba nduguye "alimwekea kasi hadi mzunguko wa mwisho, kisha akatoka kando" anaeleza kaka aliyeacha shule ili mdogo wake asome. SAFARI haina nafasi ya mtu kama huyo.

Wapo pia wanaofikiri kwa simu: akili huisha chaji, urafiki hukosa mtandao. Na ipo mashine ya kuchumia chai. Mwezi Mei mwaka 2023 mashine kadhaa za aina hiyo zilichomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho, kwa malalamiko kwamba zinawanyang'anya watu kazi. Kijana anayeandika kwamba "uvumi ni mashine, huchuma jani na tawi pamoja" anajua kwamba mkono huteua ilhali mashine haiteui. Mazingira ya vijana hayajasimama, na vyanzo vya sitiari zao vinabadilika pamoja nayo.

Pingamizi na Majibu Yake

Msomaji anaweza kusema kwamba sitiari za chai si za Kiswahili, ni za Kericho. Hoja hii inastahili jibu. Neno "nanga" lilitoka katika Kiajemi. Vivyo hivyo "nahodha" na "bandari". Yalikuja pamoja na vitu vyenyewe, kwa njia ya biashara na kazi, na watu wa pwani walipokwisha kuvizoea vitu hivyo wakaanza kufikiri kwavyo. Neno "chai" lina asili ya Kichina, nalo limetufikia kwa kupitia Kiajemi na lugha za Bara Hindi. Limekuja kwa njia ileile ya bahari, kisha likapanda mlima. Ikiwa nanga iliruhusiwa kuwa sitiari ya Kiswahili kwa sababu Waswahili walifanya kazi nayo, basi jani la chai lina haki hiyohiyo kwa wanaofanya kazi nalo.

Pingamizi la pili ni kwamba mtahini wa kutoka eneo jingine hataielewa sitiari hiyo. Jibu lake ni sehemu ya ufundi wa kuandika: mwandishi hodari humpa msomaji chanzo cha kutosha. Mwanafunzi yule angefundishwa kuongeza sentensi moja tu, "tukabaki vijiti, lakini mizizi ilikuwa hai," na msahihishaji yeyote angeelewa, hata kama hajawahi kuuona mchai.

Pingamizi la tatu ni la kweli kabisa: si kila sitiari mpya ni nzuri. "Mama yangu ni kikapu" haina uwianishaji mpaka mwandishi aseme ni kipengele kipi cha kikapu anachokikusudia. "Mwalimu mkuu alichumwa na wazazi" ina utata, kwa sababu haijulikani kama aliteuliwa au aliondolewa. Kuthamini sitiari za kuishi si kuacha kusahihisha. Ni kusahihisha jambo linalofaa kusahihishwa.

Mapendekezo ya Darasani

Kutokana na uchanganuzi huu, ninapendekeza hatua 4 ambazo mwalimu anaweza kuzitumia katika kipindi kimoja.

1. Kutafuta chanzo. Wanafunzi wapewe semi 5 walizozikariri, waulize kila moja imetoka katika kazi gani au mahali gani. Palipo na bahari, pachorwe chombo.

2. Kuchora uwianishaji. Ubao ugawanywe mara mbili, upande mmoja kikoa chanzo, mwingine kikoa lengwa. Kila kipengele kiunganishwe kwa mstari. Kipengele kisichopata mwenzake kijadiliwe.

3. Kutafuta kilichofichwa. Waulizwe: sitiari hii haisemi nini? Kwa mfano, ELIMU NI MWANGA haisemi nini kuhusu karo?

4. Kurefusha. Kila mwanafunzi aandike sentensi 3 za sitiari moja kutokana na kazi ambayo mikono yake mwenyewe imeifanya wiki hiyo.

Kwa upande wa usahihishaji, kabla ya kalamu nyekundu kupita, mwalimu ajiulize maswali matatu. Je, mwandishi anakijua kikoa chanzo? Je, vipengele vinawiana? Je, msomaji amepewa vya kutosha ili aelewe? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, hapana kosa, hata kama usemi huo haumo katika orodha ya mapambo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sitiari katika insha za vijana ni mahali ambapo fikra zao zinaonekana, au zinapofichwa. Sitiari za kukariri huthibitisha kwamba mwanafunzi amesoma orodha. Sitiari za kuishi huthibitisha kwamba ameanza kuielewa dunia yake kwa Kiswahili, na hilo ndilo lengo ambalo sisi wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii tunadai kulipigania. Uchunguzi kama huu unaweza kufanywa katika mashamba ya miwa ya Soin, katika miraa ya Meru, katika mpunga wa Mwea, na pwani kwenyewe, ambako huenda vijana wa leo wanaijua pikipiki kuliko mashua.

Mwanafunzi niliyemtaja amekwisha kumaliza shule, na daftari lile sina. Laiti ningelikuwa nalo, ningerudi kwenye sentensi yake ya kwanza na kuufuta mstari wangu. Kwa kuwa sina, naiandika hapa kama alivyoiandika yeye, bila kalamu nyekundu: Baba alipofariki, nyumba yetu ilipogolewa.